Soli ya Kushoto

Sikuwahi kumwona Kageha akifunga bao.
Jumamosi ni siku yangu ya kazi, na uwanja wa shule
uko nyuma ya kisiagi, chini ya majabali.
Kilichonifikia hapa Chavakali ni kelele, kisha vumbi,
kisha yeye mwenyewe, peku, njumu mkononi
zimeachama kama mamba.

"Fundi, kipindi cha pili kinaanza sasa hivi."
"Na hela?"
"Andika."
Nikaandika. Daftari ninalo hadi leo:
Kageha, shilingi arobaini.

Uwanja ule umeinama. Ukipangwa upande wa chini
unapanda na mpira kama mtu aendaye soko la Mbale
na mkungu wa ndizi kichwani.
Yeye alikuwa winga wa kushoto, kwenye mawe,
ndiyo maana soli ya kushoto ilikufa kwanza,
ukingo wa nje, chini ya kidole kidogo:
pale alipokanyaga, akageuka, akaondoka.
Nilishona pale mara tisa.
Uzi wa nailoni, gundi, kipande cha tairi la lori.

Akaenda Uingereza. Habari nilizipata kwa mama yake
kila alipoleta viatu vya kanisani kubandikwa visigino.
Daraja la tatu. Mshahara wa nusu;
nusu nyingine anapanga masanduku ghalani usiku.
Watazamaji mia mbili, na mbwa.
Mvua isiyo na radi.
"Mvua gani hiyo," mama aliniuliza,
"inayoingia bila hodi?"

Kisha daraja la pili. Kisha la kwanza!
Kijana wa kisiagi akanionyesha picha kwenye simu,
jina la ukoo mgongoni, taa kama mchana.
Nikamwambia: shusha. Shusha hadi miguuni.
Njumu za rangi ya ndimu, hazina mshono hata mmoja,
kama zimemiminwa.
Nilijisikia kama mganga aliyeambiwa
ugonjwa wake umekwisha duniani.

Halafu msimu mzima, kimya. Mama hakuleta viatu.
Halafu mkopo, timu nyingine.
Halafu mkopo tena, mji ambao hata mwalimu wa jiografia
aliutafuta kwa kidole.
Huku kwetu, kitu kikikopeshwa mara tatu
watu huacha kuuliza ni cha nani.

Desemba akaja. Akaketi kwenye debe la wateja,
mfuko wa plastiki mapajani.
"Zinafunguka mbele."
"Huko hamna fundi?"
"Huko wanatupa."

Nikazigeuza.
Soli ya kushoto nzima, kama ya mtoto wa mchungaji.
Ya kulia ndiyo iliyoliwa, kisigino hadi ncha,
kama punda mmoja aliyevuta mkokoteni wa wawili.

"Goti la kushoto," nikasema.
"Nani kakwambia?"
Nikainua kiatu.

Kisiagi kilikuwa kikisaga, ikabidi tupige kelele
kusema mambo ya kunong'onezwa:
kwamba mkataba unaisha Juni,
kwamba daktari anajua nusu, kocha robo, mama hajui,
kwamba bado anaweza dakika ishirini.
"Ishirini nzuri, fundi."

Nilishona mbele, kama alivyoomba.
Kisha, bila kuombwa, nikaweka ngozi ndani ya kile cha kulia,
unene wa karatasi mbili,
mzigo urudi kidogo upande wa pili,
kama mgonjwa anavyorudishwa shambani:
leo palilia mstari mmoja, kesho tutaona.

Akavaa. Akapiga hatua tatu hadi mtaroni,
akakanyaga kwa kushoto, akageuka,
na mama wa sukuma wiki akaruka na beseni lake.

"Ngapi?"
Nikafungua daftari. "Arobaini. Na ya leo."
Akacheka, meno yote.
"Andika."

Kalamu ilikuwa imeisha wino.
Nikaandika hivyo hivyo, nikikandamiza.